Mto wetu kule Marekani

Mimi doyen wenu nataka kuwaeleza juu ya bustani mbili za michezo za Marekani, na juu ya kosa langu.

Kaka yangu anayeishi kule alinitumia video mbili. Moja ni ya Disneyland ya California, iliyofunguliwa mwaka 1955. Ingine ni ya ndugu yake, Magic Kingdom ya Florida, ya mwaka 1971. Kila moja iko na sehemu inayoitwa Adventureland, na ndani yake mto wa kuchimbwa. Watu wanapanda mashua wanatembezwa kama vile wako katika mito mikubwa ya dunia. Safari hiyo inaitwa Jungle Cruise. Kongo yetu iko ndani: kule California mashua moja inaitwa Congo Queen, na kule Florida iko Congo Connie.

Nikazilinganisha. Ya Florida inaingia ndani ya hekalu lililobomoka, lenye giza. Ya California haingii. Pande zote mbili nyama ni za mashini, na dereva anachekesha watu mwanzo mpaka mwisho. Zamani walionyesha pia watu weusi wenye mikuki, na mwenye kuuza vichwa vya watu. Mwaka 2021 wakawaondoa pande zote mbili. Sasa sokomutu wanachezea mashua iliyovunjika.

Jumamosi niliwaonyesha wenzangu katika nyumba ya kulala. Tulicheka sana. Nyuma yetu alisimama mtoto wa mwaka wa kwanza, anayetoka kando ya Lualaba. Siku alipofika na sanduku lake la mbao, mimi mwenyewe nilimpa jina "Pori", na wote wakamwita hivyo. Akauliza:

– Yaya, ile njo mto yetu? Sasa batu ya kuvua samaki bako wapi?

Hakuna aliyejibu. Kuondoa ile mikuki ilikuwa vizuri, lakini katika video zote mbili sikuona mtu wa mtoni hata mmoja, wala mtumbwi wake, wala wavu wake.

Wale wako mbali, hawatujui. Lakini mimi nalala vitanda vitatu tu toka kwa huyu mtoto, na jina lake la kweli sikulijua! Ningeweza kukataza lile "Pori" na kunyamaza. Haitoshi. Nilimwomba msamaha mbele ya wote, nikamwuliza jina lake, kisha nikamwuliza namna baba yake anavyotega samaki. Alieleza mpaka kengele ya kulala.

Ndugu zangu wa mwaka wa sita, ninyi pia mlitoa majina. Mnajua ni nani.