Kelele Zilitoka Wapi?

Naungama kwamba nilimkosea jirani yangu, na ushahidi wa kosa hilo ni duara dogo jeusi lililofungwa juu ya mlingoti wangu.

Mimi ni mpenzi wa redio ya ridhaa. Usiku, katika megahezi 7, sauti kutoka Ulaya na Asia hufika hapa Kenya, nami huona raha kuzisikiliza. Lakini yalikuja majira ambapo sauti hizo zilizama katika mngurumo usiokoma. Jirani alikuwa na mashine ya kuchomelea vyuma. Nikamlaumu mbele ya watu, naye akanyamaza. Tangu siku ile tukapishana njiani bila ya salamu.

Usiku mmoja nilizima swichi kuu ya nyumba yangu, nikaiendesha redio kwa betri ya volti 12. Mngurumo ukatoweka, ilhali kwa jirani taa zilikuwa zikiwaka. Kumbe mkosaji alikuwa kwangu: kifaa changu cha kuchajia simu!

Nilistaajabu. Antena iko mita 25 kutoka nyumbani. Kelele zilifikaje huko? Zilipanda kwa kebo. Kebo ina waya katikati, na wavu wa shaba unaouzunguka. Ishara ya redio husafiri ndani ya wavu. Kelele husafiri juu ya uso wake wa nje. Zifikapo kwenye antena, hujipenyeza ndani, zikarudi kwenye redio kana kwamba zimetoka angani.

Dawa yake ni choki, yaani kizuio: kebo huzungushwa mara kadhaa katika duara la feraiti. Ishara ya ndani hupita salama, lakini mkondo wa nje huzuiwa. Kwanza niliiweka choki karibu na redio, nisipate nafuu yoyote. Baada ya kupita hapo, kebo ilikwenda darini sambamba na nyaya za umeme, ikaokota kelele upya.

Ndipo nikaihamishia juu, pale kebo inapoungana na antena, ambapo ndipo mlango wa kelele. Mngurumo ukapungua sana. Kisha nikaweka choki ya pili pale kebo inapotoka nyumbani, na mbele yake, upande wa antena, nikaunganisha wavu na fimbo ya shaba iliyozikwa ardhini, ili mabaki ya kelele yapate njia ya kushuka. Ningeweza kukitupa kifaa kile; lakini nyumba za siku hizi zina vifaa vingi vya namna hiyo, na kizuio kilichowekwa mahali pake hupunguza kelele za vyote zinazopanda kwa kebo.

Kulipokucha nilikwenda kwa jirani kuomba radhi, nikamweleza habari yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka, akasema, "Ndugu yangu, ukipata duara jingine, lifunge penye ulimi."