Nani Alibeba Mizigo?

Chuoni niliwafundisha walimu wanafunzi habari za kamanda Mjerumani, Paul von Lettow-Vorbeck: alivyoshinda Tanga, Novemba 1914; alivyovuka Ruvuma, 1917; alivyoweka silaha chini Abercorn, 25 Novemba 1918, majuma mawili baada ya vita kwisha Ulaya. Nilimsifu sana. Siku moja mwanafunzi akauliza, "Mwalimu, mizigo yake ilibebwa na nani?"

Nikanyamaza. Babu yangu alitwaliwa upagazi kutoka hapa Nkome, akarudi na kovu begani. Pande zote mbili wapagazi walikufa kwa maelfu, kwa njaa na maradhi. Kamanda alifariki mwaka 1964, mwenye miaka 93.

Tangu siku ile, ndugu msomaji, somo hilo nililianza kwa wapagazi.