Buku Imechoka Jamani: Tuigeuze Sarafu, au Tuiache Ife na Selotepu Yake?

Leo naomba tuweke pembeni nani kaachana na nani, tuongelee kitu ambacho kila mtu anacho mfukoni sasa hivi, labda kimoja, labda viwili, na kiukweli kinanuka. Naongelea noti ya buku. Shilingi elfu moja.

Huku kwetu Utemini, Singida mjini, buku ndiyo hela inayofanya kazi kuliko zote. Inaanza asubuhi kwa mama wa vitumbua, inaruka kwa dereva bajaji, inashuka gengeni kununua nyanya na kitunguu, inaingia buchani, inatoka na damu ya nyama, inalala kwenye soksi ya kijana wa bodaboda, kesho inaamka inaanza upya. Msimbazi, yaani ile elfu kumi nyekundu, inapumzika. Mtu akiipata anaikunja vizuri anaiweka kwenye pochi, ikitoka inaenda benki au kwa wakala. Buku haina likizo. Ndiyo maana unakuta Baba wa Taifa amekunjamana hadi sura huioni, katikati kuna selotepu, pembeni mtu kaandika namba ya simu kwa kalamu.

Halafu ikichakaa hakuna anayeitaka. Dada mmoja hapa mtaani, anauza dagaa na mchicha, jina naliacha maana atanisuta, ana kikopo chake maalum cha "buku wagonjwa". Mteja akimpa noti iliyochoka anaipokea, kwa sababu akikataa mteja anahamia genge la jirani. Lakini yeye akienda kununua mzigo sokoni, wa jumla anamwambia hiyo siichukui, mama. Kwa hiyo hela ni hela mikononi mwa mteja, ila ikifika kwake inakuwa karatasi. Siku akipata nafasi anazikusanya kumi au kumi na tano, anaenda kupanga foleni benki kubadilisha, na hiyo asubuhi genge limefungwa. Hasara hiyo hakuna anayemfidia.

Sasa swali langu la leo: kwa nini buku isiwe sarafu?

Kabla hujanitukana, nikukumbushe kwamba hili kwetu si jambo geni. Benki Kuu ilipoanza kutoa hela yetu wenyewe mwaka 1966, noti zilikuwa za shilingi 5, 10, 20 na 100. Fikiria, shilingi tano ilikuwa noti! Sarafu zilikuwa za senti 5, senti 20, senti 50 na shilingi moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 shilingi tano ikaja kuwa sarafu, ile tuliyoiita dala, na wazee wanasema neno daladala lilitoka hapo, kwenye nauli ya shilingi tano. Mwaka 1987 kumi ikawa chuma. Miaka ya 1990 ikafuata ishirini, hamsini, mia, na mwaka 1998 ikafika zamu ya mia mbili. Mwaka 2014 ikaja jero. Mzee Karume aliyekuwa kwenye noti akahamia kwenye sarafu, na nyati akakaa upande wa pili.

Ukiangalia hiyo ngazi vizuri unaona kitu kimoja. Hela inapoanza kukimbia sana mikononi, ikawa ndiyo ya chumvi na kiberiti, karatasi haiwezi tena kuibeba. Hiyo ndiyo hoja iliyotolewa kuhusu jero: noti yake ilikuwa inapita mikono mingi na inachakaa upesi, wakati sarafu inakaa miaka mingi. Leo iangalie buku. Kazi iliyokuwa inafanywa na jero mwaka 2014, nani anaifanya sasa hivi? Ni buku. Na ukiipeleka kwenye dola, buku yetu haifiki hata nusu dola.

Haya, sasa wapinzani. Nimewauliza watu wa huku kwetu, na hoja zao si za kudharau.

Wa kwanza ni dereva bajaji. Anasema, "Kaka, mimi nikishinda barabarani jioni nina buku arobaini, hamsini. Ukinigeuzia chuma nitavaa mkanda wa aina gani?" Nikapiga hesabu. Sarafu ya jero ina uzito wa gramu 9.5. Arobaini zake ni gramu 380, karibu nusu kilo ya chuma kwenye suruali. Ana haki ya kulalamika. Ila hoja yake inahusu ukubwa wa sarafu, sarafu yenyewe haina kosa. Hakuna anayelazimisha buku iwe kubwa kuliko jero. Inaweza kuwa ndogo, nene kidogo, na ukingo tofauti ili hata asiyeona aitambue kwa kidole.

Wa pili ni MC mmoja anayejulikana sana kwenye kumbi za hapa mjini. Huyu alicheka mpaka akakaa chini. "Watu watatunza na nini? Utambandika bibi harusi sarafu kwenye paji la uso?" Tucheke, lakini tukubali, utamaduni wetu wa kutunza umekaa juu ya buku. Shangazi anabadilisha elfu ishirini zake ziwe buku buku ili apande jukwaani mara nyingi, azungushe nyonga, aonekane. Chuma hakipepei. Hapo sina jibu zuri, zaidi ya kusema kwamba shangazi atapanda na elfu mbili mbili na safari zitapungua. Kwa hali ya maisha ya sasa, pengine atatushukuru.

Wa tatu ndiye aliyenifanya nifikiri zaidi. Ni mama mtu mzima, anasali kanisa moja hapa jirani. Anasema jero ilipokuwa noti, mtu akiitoa sadaka alijisikia katoa. Ilipokuwa sarafu, ikaanza kulia kwenye kapu kama chenji, na watu wakaanza kuiona kama chenji. Mtoto ukimpa jero ya noti alikuwa anakimbia kuwaonyesha wenzake, ukimpa ya sarafu anakuuliza, "Nyingine?" Hofu yake ni kwamba buku ikishakuwa chuma, itashuka heshima, na wauzaji watapandisha bei bila kuona aibu.

Hofu hii naiheshimu, lakini naona imegeuza mkokoteni ukae mbele ya punda. Buku haitashuka thamani kwa kuwa sarafu. Inataka kuwa sarafu kwa sababu imeshashuka. Ukiiacha karatasi hairudishi thamani, inachoongeza ni uchafu tu. Ila kwenye bei mama ana pointi, na naomba niiseme vizuri: kinachopandisha bei ni kukosekana kwa chenji ndogo. Ukienda dukani ukadai mia, unapewa pipi. Ukidai hamsini, unaangaliwa kama mchawi. Duka likishakuwa halina hamsini na mia za kutosha, kila kitu kinasukumwa kwenda juu mpaka kifike kwenye sarafu iliyopo. Kwa hiyo anayetaka buku ya chuma aanze kwanza kumwaga sarafu za mia na mia mbili za kutosha mitaani, la sivyo buku itakuwa ndiyo chenji yenyewe.

Wenzetu je? Waganda walitoa sarafu ya shilingi elfu moja mwaka 2012 kwenye miaka 50 ya uhuru wao, na noti ya elfu ikaendelea kutembea. Wakenya mwaka 2003 walitoa sarafu ya bob arobaini kwa miaka 40 ya uhuru. Marekani wametengeneza sarafu za dola moja mara kadhaa na watu hawazitaki, kwa sababu noti ya dola ipo pale pale. Uingereza walitoa sarafu ya pauni moja mwaka 1983 na noti ya Benki Kuu yao ikaondoka mwaka 1988. Canada wakatoa ya dola mwaka 1987 na noti ikafuata mlango. Funzo liko wazi: ukiweka karatasi na chuma pamoja, watu watachukua karatasi. Ukitaka sarafu ishike, lazima noti iondoke.

Na hapo ndipo penye kidonda, wadau. Kuondoa noti.

Benki Kuu ilitangaza kwamba noti za zamani, za kuanzia 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya jero ya mwaka 2010, zibadilishwe kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Siku 90. Tangazo lilikuwepo, redioni, mitandaoni, benki zote zilijua. Lakini kuna bibi mmoja huku pembezoni mwa kata yetu, anafuga kuku wa kienyeji. Hana simu ya kupangusa, redio yake ilikufa betri siku nyingi. Miaka na miaka alikuwa anaweka jero za noti kwenye kopo la maziwa. Mwezi wa tano alipoenda dukani kununua mabati ya banda, ndipo alipoambiwa hizo si hela tena.

Nilimkuta amezitandaza kwenye mkeka. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, hela inakufaje na mimi mwenyewe bado nipo?" Zilikuwa noti arobaini na sita. Elfu ishirini na tatu. Kwa mwenye mshahara ni bando na soda mbili tatu. Kwa bibi ni jogoo wa maana, na jogoo Singida unajua mwenyewe ana thamani gani. Mjukuu wake alizipeleka benki moja, akarudi nazo.

Kwa hiyo nasimama wapi? Nasimama na sarafu. Dada wa dagaa asifunge genge asubuhi nzima kwa ajili ya kubadilisha makaratasi yaliyochanika. Hela ya maskini ndiyo inayopita mikono mingi, kwa hiyo ndiyo inayotakiwa kuwa ngumu kuliko zote. Kwa sasa ni kinyume: mwenye msimbazi ana noti mpya, mwenye buku ana selotepu.

Lakini siku buku ya noti ikiagwa, isiagwe kwa siku 90. Iwe miaka. Tangazo lifike kwa balozi wa nyumba kumi, msikitini, kanisani, mnadani, kwenye foleni ya zahanati. Watu wa benki waje na gari na sanduku mpaka kwenye gulio, wasimsubiri bibi awafuate mjini. Sarafu iwe nyepesi. Na mia ziwepo za kutosha, tumechoka kurudishiwa pipi.

Najua wapo watakaosema tuachane na yote haya, tulipe kwa simu. Sawa, nami nalipa kwa simu. Ila mwambie mama wa vitumbua saa kumi na mbili asubuhi kwamba unamtumia mia tano, na makato juu yake, halafu uone kama utakipata hicho kitumbua.

Wewe buku unaitaka chuma au karatasi? Kabla hujajibu, nenda kwanza ukamuulize bibi yako ana nini kwenye kopo.