Baba abebaye mayai mkiani

Chini ya gati la Rapid Bay, kusini mwa Adelaide nchini Australia, wazamiaji hutafuta mwani wenye macho. Huyo ni joka-majani, jamaa ya farasi wa bahari, urefu kama sentimita 30. Mama humwachia baba mayai 250 hivi, naye huyabeba kwa wiki kadhaa yamebandikwa chini ya mkia, bila mfuko. Wakianguliwa, kila mtoto hujitegemea (hakuna kulipa ada huko). Hana tumbo la kuhifadhi chakula, hivyo hunyonya uduvi kutwa.

Sheria inakataza kumvua. Lakini mwaka 2025 mwani wenye sumu, usioonekana kwa macho, ulienea pwani hiyo, na joka-majani wakaokotwa ufukweni wamekufa.