Jibondo, Kisiwa cha Mafundi wa Vyombo

Ukitaka kufika Jibondo, panda chombo pale Nyamisati, kwenye delta ya Rufiji. Utavuka mpaka Kilindoni, kisiwani Mafia. Kutoka Kilindoni utakwenda kwa gari mpaka Utende, na hapo utapanda mashua tena. Chole utakiona karibu sana. Jibondo kiko mbali zaidi, upande wa kusini.

Kisiwa hiki ni kidogo, nacho ni cha mawe ya matumbawe. Udongo wake ni haba, kwa hiyo bwana shamba kama mimi hana kazi nyingi huko. Kwa miaka mingi hata maji ya kunywa yalivushwa kwa vyombo kutoka Mafia. Basi fikiri mwenyewe. Chombo kikivuja, hukosi samaki tu. Nyumba nzima inalala na kiu. Kwa hiyo fundi wa huko hafanyi mchezo na kazi yake.

Ufuoni utaona mkuku umelazwa juu ya magogo. Mkuku ndio uti wa mgongo wa chombo. Kisha mbao hupandishwa moja moja, kutoka chini kwenda juu.

Ubao mnyoofu haupendi kufuata tumbo la chombo. Ukiulazimisha ungali mkavu, utapasuka. Uloweshe maji, uupashe moto mdogo, kisha uuvute kwa kamba. Tia kijiti katikati ya kamba ukizungushe. Kamba itakaza kidogo kidogo. Usiwe na haraka. Uache ubao hivyo mpaka uzoee.

Lakini kazi inayowashinda wengi ni kukutanisha mbao mbili. Unaranda ubao, unauweka, unaona umegusa hapa na umeachana pale. Unaranda tena, na sasa pale pamegusa na hapa pameachana! Iko njia. Zibane mbao zote mbili mahali pake, kisha pitisha msumeno katikati ya kiungo. Msumeno utakula pale zinapogusana tu. Sogeza mbao zikutane, upitishe tena. Baada ya mara chache zitalingana zenyewe.

Kabla ya kupiga msumari, toboa kwa keekee. Tundu liwe jembamba kuliko msumari, ama ubao utapasuka. Zungusha uzi wa pamba yenye mafuta chini ya kichwa cha msumari, maji yasipenye.

Mataruma, yaani mbavu za chombo, hayakatwi katika mti ulionyooka. Fundi hutafuta tawi lililopinda lenyewe, kwa sababu nyuzi za mti hufuata pindo, na taruma halivunjiki. Wakulima wenzangu wa bara, miti hiyo iliyopinda sisi huichoma kuni. Muulize fundi kwanza. Huenda akainunua.

Utajuaje kama ubavu wa kulia ni sawa na wa kushoto? Funga kamba kutoka omo, yaani mbele, mpaka tezi, yaani nyuma. Pima kutoka kwenye kamba kwenda kila upande. Pima mapema, mbao zikiwa chache. Chombo kilichokwenda upande hakinyooshwi kwa kuongeza misumari.

Halafu huja kalafati. Pamba hulowekwa mafuta, ikashindiliwa kwenye viungo kwa patasi butu na nyundo ya mti. Usishindilie kupita kiasi. Mbao zikiingia majini huvimba, na pamba iliyojaa mno huzisukuma zikaachana. Chini ya chombo hupakwa deheni, ambayo ni chokaa iliyochanganywa na shahamu.

Mwisho, usikimbilie baharini. Mimina maji ndani ya chombo kikiwa bado ufuoni, kisha kizunguke polepole ukiangalia nje. Kila tone unaloliona, tia alama kwa mkaa. Pale ndipo pa kurudia kalafati.