Siku tulizomnyima chakula samaki wa mtoto

Jumatano asubuhi nilikuwa najiandaa kwenda kazini mpwa wangu aliponiita kutoka sebuleni. "Mamdogo, Kibo amekufa."

Kibo ni samaki wake wa mapambo, wa rangi ya dhahabu, mnene, mwenye mkia mpana uliogawanyika. Nilimkuta anaelea, tumbo juu. Nilipogusa kioo akapiga mapezi. Hakuwa amekufa, alikuwa ameshindwa kugeuka.

Mpwa wangu ana miaka saba. Naishi naye hapa Moshi tangu mama yake, ambaye ni dada yangu, aende Oman kufanya kazi za ndani. Kibo alinunuliwa kwa fedha ya kwanza ambayo dada alituma. Kila Jumapili dada akipiga simu ya video, kitu cha kwanza anachoonyeshwa ni Kibo. Tulikuwa na siku nne.

Nakiri wazo lililonijia kwanza: nitafute samaki mwingine anayefanana naye, nimbadilishe mtoto akiwa shuleni. Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Nimeandika mara nyingi kwamba mgonjwa na ndugu zake wana haki ya kuambiwa ukweli.

Nikampigia daktari wa mifugo ninayemfahamu kikazi, aliyezoea ng'ombe wa maziwa wa huku mlimani. Alicheka, kisha akauliza: "Anakula nini, mara ngapi, na maji mnabadilisha lini?" Akanieleza kuwa samaki ana kibofu cha hewa kinachomwezesha kutulia majini bila kuzama wala kuelea. Kwa samaki wanene kama Kibo, utumbo na kibofu hicho vimebanana ndani ya mwili mfupi. Tena hawana mfuko wa tumbo kama wetu, chakula kinaingia moja kwa moja kwenye utumbo. Akivimbiwa, utumbo unakibana kibofu, naye anapinduka. Zipo sababu nyingine, kama maji machafu, maambukizi au maumbile, kwa hiyo hakuniahidi kitu. Ila alisema tuanze na jambo moja: "Msimlishe chochote kwa siku mbili, tatu."

Jioni nikamweleza mpwa wangu. Akalia. Mama yangu, aliyekuwa ameshuka kutoka Kibosho na mkungu wa ndizi, akawa upande wake. "Mgonjwa ananyimwaje chakula?" Namwelewa. Kwetu Uchagani mtu akiugua, kabla hujamuuliza anaumwa nini, mtori uko jikoni.

Hapo mtoto akakiri. Usiku akiamka, humwongezea Kibo chakula. "Akishiba hataondoka."

Niliona aibu, kwa sababu nami nilikuwa nikifanya vivyo hivyo. Kila alipouliza mama anarudi lini, nilimnunulia chipsi na soda. Ilikuwa rahisi kuliko kumwambia kwamba mkataba ni wa miaka miwili. Mwezi huo alikuwa amelalamika tumbo mara mbili, na mimi, mwandishi wa afya, nikampa dawa ya minyoo.

Basi tukamfungisha Kibo. Kila jioni tulipunguza robo ya maji na kuongeza ya bomba yaliyolala wazi kwenye ndoo tangu jana yake, ili klorini ipungue na joto lake lilingane na la ndani. Baada ya hapo hatukuwa na kazi nyingine ila kukaa na kumtazama. Jioni ya pili nikamwambia ukweli: umebaki mwaka mmoja na miezi mitatu. Alinuna, akaenda kulala bila kuniaga. Asubuhi akauliza, "Nitakuwa darasa la ngapi?" Tukahesabu kwenye kalenda.

Jumamosi mama alichemsha njegere, akaimenya ganda, akaiponda. Mtoto akadondosha kipande kidogo kama kichwa cha kiberiti. Kibo alihangaika nacho, akazunguka, akakikosa, kisha akakipata.

Jumapili alikuwa amegeuka, ila ameinama upande. Nilidhani mtoto atamficha. Badala yake alimsimulia mama yake kila kitu: ndoo, njegere, hata chakula cha usiku. Mwishoni akasema, "Na Mamdogo ameniambia utarudi nikiwa darasa la tatu."

Dada alinitazama kwenye simu kwa muda. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya mtandio na kusema, "Ndiyo, mwanangu. Darasa la tatu."

Siku hizi Kibo anakula mara moja kwa siku, chakula kilicholowekwa kwanza ili kisimvimbie tumboni. Bado anaogelea upande kidogo. Chipsi ni Jumamosi tu, na swali la mama linajibiwa kwenye kalenda.