Mashemeji na Redio Moja

Kila Jumapili yenye mechi kubwa, mvulana wa nyumba moja huko Katelembo, Machakos, aliamka na kazi yake: kuchomoa mawe manne ya redio na kuyapanga juu ya bati la banda la kuku, yaote jua hadi saa tisa. Mawe mapya yalikuwa ghali, na jua liliyaongezea ya zamani uhai kidogo. Redio ikinyamaza dakika ya 80, lawama zilimwangukia yeye.

Wasikilizaji walikuwa wawili, baba yake na mjomba wake. Wote walikuwa wamewahi kufanya kazi Nairobi, na kila mmoja alirudi Machakos na timu yake. Baba alirudi na Gor Mahia, klabu iliyoanzishwa mwaka 1968. Mjomba alirudi na AFC Leopards, iliyoanza mwaka 1964 ikiitwa Abaluhya na kubadili jina mwaka 1980, majina ya kikabila yalipokatazwa. Wao walikuwa Wakamba. Timu walizichukua kwa wenzao wa kazini. Mechi ya timu hizo huitwa Debi ya Mashemeji, na katika ua ule jina hilo lilikuwa kweli tupu.

Waligombana na mtangazaji kabla ya kugombana wao kwa wao.

"Huyu anawabeba," mjomba alisema. "Mpira ukiwa kwetu anatuambia upo upande gani wa uwanja. Ukiwa kwao anataja majina, mmoja mmoja, kama anaita watoto wake."

Baba naye alikuwa na mashtaka yake. "Leopards wakikosa, ni nusura. Sisi tukikosa, tumepoteza nafasi. Sikiliza vizuri, shemeji."

Mtangazaji ni yule yule, kipindi ni kile kile. Mvulana aliyekaa katikati na bakuli lake la isyo, mahindi na maharagwe, alishindwa kuelewa mtu mmoja anawezaje kupendelea timu mbili kwa wakati mmoja.

Mwaka 1987 alikuwa na miaka tisa. Gor Mahia walitoka sare ya 2-2 na Espérance mjini Tunis, kisha 1-1 Nairobi, wakatwaa Kombe la Washindi Barani Afrika kwa mabao ya ugenini. Baba alizunguka ua mzima akiwa ameinua redio juu ya kichwa. Mjomba alimpa mkono, akampongeza kwa dhati, kisha akaketi na kulalamika kuwa mtangazaji alikuwa amepiga kelele kupita kiasi.

Jibu la kitendawili chake mvulana alilipata miaka mingi baadaye, akiwa chuoni. Mwaka 1951 vyuo viwili vya Marekani, Princeton na Dartmouth, vilicheza mechi ya mpira wa Kimarekani iliyojaa rafu. Watafiti Albert Hastorf na Hadley Cantril waliwaonyesha wanafunzi wa pande zote filamu ya mechi hiyo, na mwaka 1954 wakachapisha matokeo. Wanafunzi wa Princeton walihesabu makosa ya Dartmouth zaidi ya mara mbili ya yale waliyoyaona wana Dartmouth wenyewe. Filamu ni moja, macho ni mazima. Aliposoma ukurasa ule aliwaona baba na mjomba wameketi pale pale kwenye vigoda vyao.

Uhasama ule haukubaki mchezo siku zote. Oktoba 23, 2010, watu saba walikufa katika msongamano uwanjani Nyayo, Gor na Leopards wakichuana. Jioni hiyo baba alimpigia mjomba simu, akamuuliza swali moja tu: "Shemeji, uko nyumbani?" Wiki iliyofuata hakuna aliyemtaja mtangazaji.

Miaka hiyo ligi ya Kenya ilikuwa ikionyeshwa na televisheni ya SuperSport. Picha ziliporudiwa polepole, mashtaka yalihama kutoka kwa mtangazaji yakamwendea refa na mshika kibendera. Mjomba alikwenda mjini kutazama, akarudi na ushahidi. Kisha mwaka 2017 kampuni hiyo ikaondoka, na kamera zikaondoka nayo. Baba alikuwa ameshafariki.

Desemba 17 mwaka huo huo, fainali ya Kombe la Chalenji la CECAFA ilichezwa Machakos, uwanja wa Kenyatta. Kenya ilikutana na Zanzibar, ambayo Machi ilikuwa imepewa uanachama wa shirikisho la soka la Afrika, CAF, na Julai ikavuliwa. Wazanzibari walicheza kama watu wenye deni la kudai. Walisawazisha mara mbili, ikawa 2-2 baada ya muda wa nyongeza. Mjomba alikuwa jukwaani na redio ndogo sikioni, mechi yenyewe ikiwa mbele ya macho yake.

"Nataka nijue kama wanayosema ndiyo ninayoyaona," alimwambia mpwa wake.

Kwenye mikwaju ya penalti kipa Patrick Matasi alipangua, Kenya ikashinda 3-2. Mjomba akazima redio. "Leo wamesema kweli."

"Leo hukuwa na shemeji wa kubishana naye, mjomba."

Mzee hakujibu. Walishuka ngazi pamoja, taratibu, amemshika mpwa wake bega.

Siku hizi mjomba ana lalamiko jingine, na hili mpwa wake hana la kulipinga. Jumapili moja mjukuu alimsomea matokeo ya Debi ya Mashemeji kwenye simu. Mzee akauliza bao lilifungwa kwa mguu gani, pasi ilitoka kwa nani, refa alisimama wapi. Kijana hakujua, simu ilikuwa na tarakimu mbili tu. Jezi aliyovaa ilikuwa ya Arsenal. Mzee akazungusha kitufe cha redio, stesheni moja hadi nyingine, mpaka akampata mtangazaji akisimulia mpira kwa Kiswahili kitamu, jina kwa jina, pasi kwa pasi. Mechi ilikuwa London.

"Zamani walitusema vibaya," alisema. "Sasa hawatusemi."

Akafungua mgongo wa redio, akachomoa mawe, akampa kijana. Akamwambia ayapeleke kwenye bati, yaote jua.